Siku Niliyomuuliza Binti Yangu

Likizo ya Aprili, binti yangu akiwa na miaka kumi na mitano, alianza kugawa vitu vyake. Viatu vyeupe alivyoletewa na babake kutoka Mombasa alimpa mtoto wa wifi yangu. Hereni zake zikaenda kwa jirani. Kamusi aliyoijalidi kwa gazeti isichakae akampa binti wa dukani. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu barazani, hapa Gede, nikamsifu mbele za watu. "Huyu mkono wake hauna choyo," nikasema.

Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Mengine niliyaona nikayapa majina mepesi. Alikuwa hali chakula, nikasema ni joto. Alilala mchana kutwa, nikasema uvivu wa likizo. Alikuwa mtoto wa kuimba akifua. Sasa alifua kimya, nguo moja akiisugua mpaka nimwambie basi, imetakata. Wifi yangu, anayekaa nyumba ya pili, alinivuta kando. "Mtoto huyu ana kitu. Mpeleke kwa maalimu." Tukaenda. Maalimu akamsomea, akamwandikia kombe, aya za Kurani zilizooshwa kwa maji, naye akalinywa lote bila kuuliza neno. Alivyotii vile ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Usingizi ukanikimbia, kichwa kikawa hakiniachi, mpaka asubuhi moja nikaenda zahanati Malindi kupimwa presha. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpole. Akatazama mashine, akanitazama mimi.

"Imepanda sana hii, mamangu. Kuna jambo nyumbani?"

Nikamweleza habari za binti yangu. Hali chakula, usiku halali vyema, haongei. Akaweka kalamu chini.

"Amekuwa akigawa vitu vyake? Vile anavyovipenda?"

Nadhani alilisoma jibu usoni mwangu, maana alisimama.

"Rudi nyumbani sasa hivi. Usimgombeze. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua."

"Subhanallah! Nikimuuliza si nitamtia wazo hilo kichwani?"

"Hutamtia. Kama halipo, atakwambia halipo. Kama lipo, analibeba peke yake. Kisha mlete hapa. Dua msiache, lakini na hapa mje."

Nilipanda bodaboda, nikampigia wifi njiani. Akasema alimwacha akifagia uani. Akaenda kuangalia, nikamsikia akiita, kisha akarudi kwenye simu. "Hayumo."

Sijui njia ile tuliipitaje. Nilipofika, ufagio ulikuwa umelala katikati ya ua, nusu imefagiliwa, nusu haijafagiliwa. Nikaingia vyumbani, jikoni, chooni. Nikamwita, nikaita tena, sauti ikakauka. Nilichungulia kisimani. Nalisema hili upesi kwa sababu siwezi kulisema polepole.

Nilimkuta nyuma ya shamba, chini ya mikorosho, ameketi juu ya majani yaliyolowa mvua, amekumbatia magoti. Hakuwa na jeraha. Hakuwa na kitu mkononi. Niliketi kando yake, na swali likanitoka kwa sauti nisiyoijua.

"Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Nilimwomba Mungu binti yangu aseme la.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Nani kakufanya nini? Ni shuleni? Ni mwanamume? Niambie, sitakasirika."

"Hakuna aliyenifanya kitu. Hakuna lililonipata. Ndiyo maana nikaona haya kusema. Wenzangu wana shida za kweli."

Hapo ndipo hofu iliponiingia mifupani. Angekuwa mtu, ningemwendea. Ingekuwa shule, ningemhamisha. Lakini adui asiye na uso utamkamata wapi? Nilimshika tu. Alikuwa amekonda kuliko nilivyojua. Akalia, nami nikalia, akasema amechoka, nikamwambia ninasikia.

Siku hiyo hiyo tulirudi kwa yule muuguzi, sisi wawili. Alitukutanisha na daktari, kisha na mshauri ambaye binti yangu alimwona kila Jumanne. Muuguzi alituambia tufungie dawa zote, za nyumbani na za shambani, na ufunguo ukakaa kwa wifi. Wifi huyo huyo aliyesema mtoto ana kitu, alikuja kila siku kukaa naye, wakikuna nazi, wakati mwingine bila kuongea chochote. Babake alipokuja kutoka Mombasa alifoka kwamba mtoto wake si mwendawazimu. Jumanne iliyofuata aliandamana nasi, akaitwa ndani, akatoka macho mekundu. Tangu siku hiyo hupiga simu kila jioni na kuomba kuzungumza na binti yake kwanza.

Haikuwa safari fupi. Miezi kadhaa nilifua nikisikiliza mlango wake, nikasali nikisikiliza mlango wake. Alianza kula kidogo kidogo. Siku aliyogombana nami kwa sababu ya simu, kama zamani, nilikwenda jikoni nikacheka na kulia pamoja.

Mwaka huu, kabla ya mitihani, alinijia mwenyewe asubuhi nikiwa naanika nguo.

"Mama, imerudi. Kidogo."

Moyo ulinipasuka vilevile kama siku ya kwanza. Hofu hii haizoeleki. Nikaacha nguo ndani ya beseni. Kufikia saa nne tulikuwa tumeketi nje ya mlango wa mshauri, bega kwa bega, tukingoja aitwe.