Shoka la Kunyamazisha Ngurumo

Harufu ya majivu yaliyolowa mvua hunirudisha nyumbani kwetu, karibu na Roret, kwenye vilima vya chai, miaka ya hamsini. Wengine wakiisikia hufikiria jiko lililozimika. Mimi huona shoka.

Nyinyi mliokulia kwetu mnaijua mvua ya huko. Asubuhi jua la kuanika wimbi la uji, alasiri wingu jeusi linapanda kutoka milima ya Mau, halafu mbingu inapasuka. Wenzangu walikimbilia nje kuokota mvua ya mawe na kuitafuna. Mimi, wee! Ikinguruma mara moja tu, moyo ulinidunda hadi masikioni, pumzi zikakatika, vidole vikafa ganzi. Ilianza siku radi ilipomuua ng'ombe wa jirani mbele ya macho yangu, akiwa bado na nyasi mdomoni.

Kichekesho ni kwamba ukoo wetu, Toiyoi, ndio ukoo wa ngurumo. Ilisemwa kwamba mtu wa Toiyoi akilipaka shoka majivu ya mekoni, akalitupa nje na kuiamuru ngurumo inyamaze, itamsikia, kwa kuwa ni ndugu yake. Basi mimi nilimwogopa ndugu yangu kuliko chui.

Siku moja ilinikuta nikitoka shule, katikati ya majani chai ya wazungu. Nilijitupa chini ya michai, nikajikunja, na hata mvua ilipokwisha sikuweza kuinuka. Mama na wachumaji walinitafuta wakiniita mpaka giza likaanza kuingia. Baba hakunipiga. Alimtazama mama, akasema, "Mtoto wa kutafutwa na kijiji kizima hawezi kusoma mbali. Ikitokea tena, abaki hapa achunge ndama."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Wasichana tuliosoma tulikuwa wachache, na shule niliipenda mno.

Kesho yake wingu lilipopanda, Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya, huyu mzaa baba, aliniita nyumbani kwake, akaniwekea shoka la baba mapajani.

"Tupa wewe, Kogo," nilimsihi.

"Mimi niliolewa tu huku. Ngurumo itaniuliza, wewe binti wa nani? Baba yako ameshika dini, hataki mambo haya. Amebaki nani? Ni wewe, Chebet."

"Basi nitupe sasa!"

"Bado. Paka majivu kwanza. Polepole."

Ngurumo ikalipuka juu ya paa. Nikatazama chini ya kitanda nilikozoea kujificha. Kogo hakunishika. Aliendelea kusugua kibuyu chake cha maziwa, kana kwamba nje kuna kuku wanapigana.

"Natetemeka, Kogo!"

"Tetemeka. Lakini shoka lisianguke. Bado."

Aliendelea hivyo, bado, bado, nami nikimchukia. Mwishowe akainua kichwa. "Sasa!"

Nikalitupa nje nikipiga kelele, "Nyamaza kwetu!" Ngurumo ikaunguruma kidogo mbali, kisha kimya. Kumbe imenisikia!

Tangu hapo kila mvua ilinikuta na shoka. Kogo alinisogeza polepole, kutoka mekoni hadi kwenye nguzo, kutoka kwenye nguzo hadi mlangoni, matone yakinipiga usoni. Leo najua kushika chuma mlangoni wakati wa radi ni wazimu mtupu, na Kogo hakujua. Baba alilikuta shoka lake matopeni, akanung'unika kuhusu ushenzi, lakini alilifuta, akaliegemeza karibu na mlango wa Kogo.

Halafu ngurumo ikanikuta tena njiani, kwenye michai ileile, wala shoka sina. Umeme ukamulika. Nikaangalia chini ya michai, pakavu, peusi, pananiita. Niliogopa, ndugu zangu, niliogopa sana. Nikakunja ngumi kama niliyeshika mpini. "Bado," nikajiambia. Ikalipuka. "Bado." Miguu ilitetemeka, lakini ilitembea, nami nikalia nikitembea, mpaka nikaliona boma letu.

Baba alikuwa langoni, gunia kichwani, tayari kuja kunitafuta.

"Umelowa," alisema. "Nenda ukaote moto. Na kesho usichelewe shule."

Nilikuwa mama wa watoto nilipoielewa siri ya Kogo. Nilikuja kuwatembelea wazazi, nikakaa barazani nikiisikiliza mvua, nikagundua ngurumo ina safari yake. Inatoka Mau, inatupita, inateremkia bonde la Soin. Kogo alikuwa akiifuata kwa sikio. Aliningojesha mpaka ikaanza kuteremka yenyewe, ndipo akasema sasa. Shoka halikunyamazisha kitu, na nadhani alilijua hilo. Hakuna marefu yasiyo na ncha, lakini mtoto haamini mpaka akae hapo aione ncha yenyewe.

Juzi, tukiwa hukohuko nyumbani, radi ilipopiga, mjukuu wangu aliingia chini ya meza, akaziba masikio. Nilimtoa, nikampa mwiko uliopakwa majivu, maana siku hizi nani anampa mtoto shoka?

"Nitupe sasa, Kogo?" aliuliza.

Nikatega sikio upande wa Soin.

"Bado," nikamwambia.