Pingili za Shingo ya Mama

Nilikwenda Ukerewe kumfukua mama yangu. Shamba letu la ufukweni, karibu na Nansio, lilikuwa limepata mwekezaji wa kiwanda cha minofu ya sangara. Miaka ile wawekezaji walikuwa wakiibuka kila kona ya ziwa, na baba mdogo Mafuru, mkubwa wa ukoo wetu, alishakubali. Akaniandikia: "Baba yenu na mama yako mkubwa tutawahamishia kijiji cha juu, kwa ukoo. Mama yako njoo umchukue mwenyewe." Mama yangu, mke wa pili, hakutengewa nafasi. Wala sikushangaa. Tangu nikiwa mdogo aliitwa mvivu, na niseme ukweli, hata mimi niliamini.

Asubuhi nilipanda meli Mwanza. Nilibeba sanduku la mbao, sanda na glavu za chuoni, maana kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi somo la mifupa. Bandarini magugumaji yalikuwa yameziba maji, na meli ilijivuta humo polepole kama mgonjwa. Jirani yangu, mama mmoja mwenye robota la mitumba, aliuliza sanduku ni la nini. Nilipomwambia alisema, "Loo, pole baba," akahamia benchi la nyuma. Nilikaa peke yangu mpaka Nansio.

Mchana nilifika nyumbani. Nyanjura, dada yangu kwa mama mkubwa, alinipokea kwa uji wa ulezi. Baba mdogo alikuwa amekaa barazani, nikamwendea.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kumbe umekuja kweli? Nilidhani na wewe utaona uvivu." Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Kaburi la baba lilikuwa na saruji. Ya wake zake yalikuwa na misalaba ya miti, na mchwa walishaimaliza zamani. Makaburi mawili sawasawa, na hakuna aliyekumbuka lipi la nani. Hofu ikanishika. Nikikosea ningemzika mke mwenzake kwenye kiwanja changu cha Buhongwa, kule Mwanza, na mama angebaki kwa watu wasiomtaka, kwa jina lisilo lake.

"Si wewe mwalimu wa mifupa?" baba mdogo akasema. "Utatuambia."

Kesho yake saa mbili asubuhi, baada ya katekista kusali, tulifukua la kwanza. Nilipanga mifupa juu ya turubai. Nyonga zilikuwa za mwanamke wa makamo. Pingili za shingo zilikuwa laini, kingo zake safi.

"Huyo ndiye wako," baba mdogo akasema. "Tazama shingo hiyo, haikufanya kazi."

Nami, mtu niliyesoma, nikakubali. Mke wa pili akivunja mtungi alichekwa na mji mzima. Akijilaza mchana, kanga imefungwa kichwani, watoto walimwimbia. Nikaitia mifupa ile sandukuni, nikachukua chaki nikaandika jina la mama juu yake.

La pili lilitoa shingo ya namna nyingine kabisa. Pingili zilikuwa zimesagika, zimeota vijimfupa vya miiba kando kando, na mbili zilikuwa zimeshikana zikawa mfupa mmoja. Shingo ya namna hiyo ni ya mtu aliyebeba mizigo mizito kichwani miaka na miaka. Mwenye nayo huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, vidole hufa ganzi na kuachia vitu.

"Enhee! Huyu sasa ndiye aliyejenga mji huu," baba mdogo akasema, akavua kofia.

Nikaendelea kupanga. Nilipofika mkono wa kushoto niliona kigasha, mfupa wa chini ya kiwiko, kilichowahi kuvunjika na kuunga kikiwa kimepinda. Mama aliteleza na ndoo kwenye mawe ya ziwani nikiwa darasa la pili, na mganga wa mifupa wa kijijini akaufunga mkono vibaya. Nilikuwepo alipolia. Nikakaa chini kwenye udongo.

"Nini tena?" baba mdogo akauliza.

"Huyu ndiye mama yangu."

Nyanjura alichuchumaa karibu nami akasema taratibu, "Mama yangu alikuwa na sisi mabinti watano. Maji tulimchotea sisi. Wako alikuwa na wewe tu."

Na mimi nilikuwa wa kiume. Kwetu mvulana akionekana na ndoo kichwani angechekwa mpaka aoe. Nilikaa kizingitini na daftari langu, naye mama akipandisha maji kilima cha kutoka ziwani mara nne, mara tano kwa siku. Nakumbuka nikiwa na miaka kumi na miwili nilimtikisa mchana amelala: "Mama, amka, watu wanatucheka." Aliamka. Alichukua ndoo akaenda.

Baba mdogo alikohoa. "Basi, kwa ukoo hatukosi nafasi. Tutasogeza."

"Hapana, baba mdogo. Asante. Mji huu ameshaubeba vya kutosha."

Niliitoa sandukuni mifupa ya mke mwenza, nikafuta jina, nikaiweka ya mama na kuliandika upya kwa mwanamke mwenyewe.

Siku ya tatu nilirudi Mwanza, sanduku likiwa mapajani. Nilijisikia vibaya njia nzima. Miaka kumi na tano nimewafundisha vijana kusoma maisha ya mtu kwenye uti wa mgongo, na yule niliyelala naye chumba kimoja sikumsoma akiwa hai. Hilo ndilo nililojifunza, na limechelewa.

Jioni, Buhongwa, kaburi likiwa tayari, mchungaji aliniinamia akanong'ona, "Marehemu sikumjua. Niseme nini juu yake?"

"Sema alichota maji," nikamwambia. "Sema alikuwa mgonjwa na hakuacha kuchota. Na mtoto wake sema alikuwepo, amekaa, anamtazama."