Kioo Juu ya Tao

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipanda ngazi ndani ya kanisa nikiwa na kisu cha jikoni mkononi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kiongozi wa kwaya, na mtu wa kushuku tangu utotoni. Hata leo mtu akinisifia mboga zangu namwangalia mara mbili. Kwa hiyo usidhani nakuhubiria kama mtu aliyepona.

Kanisa lenyewe unalijua, lile la mawe huko juu Wundanyi. Kuta zake ni nene kuliko urefu wa mkono wangu, madirisha ni membamba, na kati ya waumini na altare kuna lile tao la mviringo. Padre mzungu aliyelijenga alikuwa mtawa wa Mtakatifu Benedikto. Alilikumbuka sana kanisa la utawani kwao, lililosimama mamia ya miaka kabla hajazaliwa, ambamo watawa waliimba sala zao mbele na wanakijiji wakasimama nyuma. Akalichora kwa kichwa, akalijenga huku kwetu, dogo zaidi, kwa mawe ya mlima na chokaa, bila chuma hata kimoja ndani. Mzee Mwadime alikuwa fundi wake mdogo kabisa. Mimi nilipokuwa msichana, mafundi wenzake wote walikuwa wamekufa, na yeye ndiye aliyetunza funguo.

Basi siku chache kabla ya siku ile ya kisu, mchana, niliwahi mazoezi, nikamkuta juu ya ngazi peke yake. Alikuwa akibandika kipande cha kioo juu ya tao, palipokuwa na ufa mwembamba, huku midomo yake inacheza. Aliponiona akashuka taratibu.

"Umewahi leo, binti," akasema, akachukua ndoo yake akaenda.

Hakunieleza, nami sikumuuliza. Hapo ndipo nilipokosea, mengine yote yalifuata tu.

Chini ya tao lile ndipo kwaya iliposimama, na juma lile waimbaji wetu wawili walikuwa wamekaukiwa sauti. Unaona akili yangu ilikokimbilia? Nikaanza kumvizia. Kila asubuhi alikuja, akasimama chini ya kioo chake, akakitazama, kisha akaandika kitu kwenye kikaratasi. Nikawaambia wenzangu, na kila nilipoeleza niliongeza chumvi kidogo. Sisi hatukuwa na grupu za WhatsApp kama ninyi, lakini kufikia Alhamisi mzee wa watu alikuwa ameshakuwa mchawi. Wazee wa kanisa wakamwita. Alipoanza kueleza habari za ufa walimpigia kelele, wakamnyang'anya funguo, wakamkataza kukanyaga pale. Nilikuwepo. Nilifurahi, sikufichi.

Jumamosi ndipo nikapanda na kisu changu, nikakibandua kile kioo. Nyuma yake hapakuwa na hirizi wala dawa, ufa tu. Badala ya kuona haya, nikajiambia, mjanja huyu, ameshaondoa vitu vyake.

Nilipotoka nikamkuta amesimama nje ya lango. Akaona nilichoshika.

"Ulikikuta kizima au kimepasuka?"

"Kimepasuka katikati," nikamjibu kwa kiburi. "Si ulikivunja mwenyewe?"

Akashika lango kwa mikono miwili. "Binti, kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea kidogo tu, kinapasuka. Padre alinifundisha hivyo. Lile tao limesimama kwa mawe kusukumana, upande mmoja ukilegea yote yanashuka. Kesho msiimbe pale chini, nakuomba. Waambie wewe, mimi hawatanisikia."

Na bado nilimshuku, mwanangu! Niliona anatafuta njia ya kurudishiwa funguo. Basi akatoa kile kikaratasi mfukoni, akanipa. Jumatatu, kizima. Jumanne, kizima. Jumatano, kizima. Alhamisi, kizima. Ijumaa hapakuwa na kitu, kwa sababu Ijumaa tulikuwa tumeshamfukuza. Basi kioo kilipasuka yeye akiwa nje bila funguo; ni ukuta uliokivunja.

Nilikimbia hadi kwa padre wetu, nikamwambia yote, na uongo wangu pia. Jumapili Misa ikasomwa uani. Tulikuwa katikati ya Baba Yetu tuliposikia kishindo ndani. Vumbi lilipotulia tukachungulia, na mawe ya tao yalikuwa yamelala juu ya benchi za kwaya. Maji ya mvua yalikuwa yamekula msingi upande wa mteremko, pole pole, bila mtu kujua isipokuwa yule tuliyemwita mchawi.

Mzee Mwadime aliwaelekeza vijana wakalijenga tao upya, jiwe kwa jiwe. Kazi ilipokwisha wazee wakamletea funguo. Akakataa. "Mmekaa na mimi miaka yote hii," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeniuliza." Nilimwomba msamaha nikilia, akanisamehe, akala na chakula changu. Lakini hadi anakufa alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kama mgeni. Hilo linaniuma mpaka leo, na halina dawa.

Sikwambii uache kushuku, mwanangu. Dunia hii inahitaji macho. Mzee Mwadime naye alishuku, ila yeye alishuku ukuta, akauwekea kipimo, akangoja siku baada ya siku useme wenyewe. Mimi nilishuku binadamu mwenye mdomo wa kunijibu, na sikumpa hata swali moja. Kwa hiyo ukimtilia mtu shaka, mwendee mwenyewe mchana kweupe, umuulize, kisha unyamaze usikie jibu lake hadi mwisho. Usimwambie mtu wa tatu kabla hujafanya hivyo.

Mungu akupe macho makali na ulimi mzito. Na siku watakapokushuku wewe, maana siku hiyo itakuja, akuletee walau mtu mmoja wa kukuuliza kwanza.