Risasi Moja Isiyorudi

Rosina Kasian alizuiliwa Dubai miezi tisa kwa kosa ambalo hakulitenda, na waliomzuilia hawakuthubutu hata mara moja kumuuliza mtu wa mwisho aliyeishika ile risasi. Jambo hili lisemwe wazi kabla ya mengine, kwa sababu baadaye walilipunguza wakaliita kutoelewana, na wapo walioliita bahati mbaya. Halikuwa bahati. Ulikuwa utaratibu, na utaratibu ule ulikuwa na wenyewe.

Klabu yenyewe iko jangwani, mbele ya Silicon Oasis, pale magorofa yanapokoma ghafla na mchanga kuanza. Huko watu wenye nafasi zao hulala kifudifudi juu ya mikeka minene, kitako cha bunduki begani, wakilenga sahani za chuma zilizosimamishwa mita mia tatu mbele. Bunduki ni ndogo, zile za pointi tuu-tuu ambazo kwingine hutumika kufundishia wanaoanza au kufukuzia ngedere shambani. Ndiyo raha yake. Risasi yake ni nyepesi na mwendo wake ni wa taratibu. Kwa umbali ule huporomoka kama jiwe lililorushwa kwa mkono, na upepo usiotikisa hata ushungi huipeleka unakotaka wenyewe. Mpiga shabaha huzitazama bendera, huyasoma mazigazi yanayocheza juu ya mchanga, huibana pumzi, hufyatua, kisha hungoja. Sauti ya chuma humfikia akiwa ameshapata nafasi ya kumeza mate.

Kazi ya Rosina ilikuwa kugawa risasi. Kila mpiga shabaha alipewa kibao chenye matundu, risasi zimesimama ndani yake kama mishumaa. Wakimaliza, aliyakusanya maganda, na zile zilizogoma kulipuka, maana hizi ndogo zina ukaidi kuliko kubwa, alizitia katika kopo lenye mchanga. Zilizotoka sharti zilingane na zilizorudi. Wafanyakazi walipekuliwa langoni kila jioni: mkoba, viatu, hata kitambaa cha kichwani. Wanachama hawakupekuliwa. Mwanachama alikuwa mgeni, na mgeni, walisema, haguswi.

Asubuhi moja ya Februari 2024, baridi ya jangwani ikiwa bado haijaondoka, risasi moja haikurudi.

Rosina hakuhitaji kuumiza kichwa. Alikuwapo mwanachama mmoja, mfanyabiashara aliyeitwa Sir Abdullatif, aliyeamini kwamba risasi baridi huvivia njiani na kugonga chini ya shabaha. Basi asubuhi za baridi alizitoa kwenye kibao, akazitia katika mfuko wa ndani wa sweta lake, zipate joto la mbavu. Kila mtu alimwona. Rosina aliyasema hayo saa ile ile kwa meneja wake, Rogers, Mkenya wa Nakuru aliyevaa tai hata jangwani.

"Mwulize Sir Abdullatif. Iko mfukoni mwake."

Rogers alicheka kwa pua. "Nimpigie mwanachama simu nimwambie apindue mifuko? Mimi? Unataka nirudi Nakuru nikachome mahindi kando ya barabara?"

"Kwa hiyo ni afadhali mimi nirudi Mbinga na jina la mwizi?"

"Nani amesema mwizi? Nimesema uzembe. Uzembe si wizi, Rosina. Usijikuzie maneno."

"Aliyezembea ni yeye, kaka Rogers."

"Na aliyekuwa na kibao ni wewe."

Pasipoti yake ilikuwa ofisini, walikoziweka pasipoti za wenziwe wote, "kwa usalama". Rogers akasema itabaki humo hadi suala lifungwe. Suala lenyewe hakulipeleka polisi. Aliogopa kwamba klabu ingeulizwa namna inavyozilinda risasi zake, naye angekuwa wa kwanza kujibu. Wala hakulifunga. Aliliacha likaning'inia, na mtu mzima akaning'inia nalo.

Msomaji aliye mbali atauliza kwa nini hakwenda kushtaki. Rosina alijiuliza swali hilo kila siku akiwa ndani ya basi la klabu. Afike mbele ya ofisa aseme nini? Kwamba anazuiliwa. Kwa nini? Kwa sababu ya risasi hai iliyopotea mikononi mwake. Neno hilo moja lingegeuza lalamiko lake la kazi kuwa kesi ya silaha, na yeye ndiye mwenye kibao. Mlango wa kutokea ulikuwapo, ila ulifungukia ndani ya chumba kingine kilichofungwa.

Wakamwondoa kwenye mstari wa kupigia, wakampa vikombe na vyoo vya jengo la wanachama. Jioni basi lilimrudisha Al Twar, kwenye chumba cha vitanda vya ghorofa ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani na mashine za viyoyozi zilizonguruma bila kupumzika. Alioga, akalala, akaamka, akapanda basi.

Kilichomuuma hasa ni Fortunata. Fortunata ni binti yake wa pekee, na sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilipangwa Jumamosi ya tarehe 15 Juni, kwao Mbinga. Mkataba wa Rosina ulikuwa unaisha Mei. Alikuwa amekwisha kumnunulia mwanawe kitenge cha kumvisha begani siku hiyo.

Mwishoni mwa Mei, Rogers alimwita ofisini na kumsogezea karatasi.

"Weka saini hapa. Umekubali kwamba uliipoteza kwa uzembe. Nakupa pasipoti, kesho kutwa uko kwenye ndege. Khalas."

Rosina aliisoma karatasi, akairudisha mezani.

"Na karatasi hii itakaa wapi?"

"Kwenye faili lako."

"Na siku mwenye kazi mwingine akiuliza habari zangu?"

Rogers aliilegeza tai yake. "Mama, harusi ya mtoto ni moja tu. Mimi nakusaidia."

"Ungetaka kunisaidia ungeinua simu."

Hakutia saini. Si kwamba hakujua bei ya kukataa. Aliijua kuliko yeyote. Lakini alijiona amesimama ukumbini kwao, ameshika keki, na nyuma yake ipo karatasi inayosema kwamba mama wa bibi harusi amekiri kupoteza risasi ya watu. Akaona kwamba, akitia saini, atakayefika Mbinga hatakuwa yeye.

Jumamosi ile aliitazama sendofu akiwa amekaa kwenye kitanda cha chini, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Picha ilikatikakatika. Mdogo wake alisimama mahali pake, amevaa sare ya kina mama, na Fortunata alipokata keki alimlisha mama mdogo.

"Mama mzazi yuko wapi?" mshereheshaji alipaza sauti. "Mama yuko Dubai, jamani, anatafuta! Hebu mpigieni vigelegele mama wa Dubai!"

Vikapigwa. Rosina aliizima sauti ya simu, akaendelea kutazama midomo ya watu.

Septemba, siku ya mapumziko, alikwenda Al Baraha kusukwa. Saluni ile huendeshwa na Mganda mmoja katika chumba cha nyuma ya duka la simu, na wanawake wa kwetu huzungumza humo kwa uhuru wasioupata kwingine. Aliyekaa kiti cha pili alikuwa Kibibi, Mzanzibari wa makamo, mfanyakazi wa nyumbani. Msusi aliuliza kwa nini nywele za mbele zinakatika, Rosina akajibu kwamba ni mawazo, na mawazo yakasimuliwa. Alipolitaja jina la Sir Abdullatif, Kibibi aliinua kichwa ghafla, hata msusi wake akamkemea.

"Abdullatif wa sweta la kijani?"

"Unamjua?"

"Namfulia, shoga angu. Subhanallah." Kibibi alishusha sauti. "Hiyo risasi niliiona mimi kwa macho yangu. Nililitoa sweta nilifue, nikatia mkono mfukoni, kitu cha chuma. Nusra nizirai! Nikampelekea madam, madam akampelekea mwenyewe. Akasema irejeshwe mfukoni vilevile, atairudisha klabu mwenyewe. Basi mie nikaona yamekwisha."

"Lini hiyo?"

"Ile baridi, kabla ya Ramadhani. Kisha akenda zake Ulaya, likaja joto. Sweta limo kabatini, nayo imo."

Miezi yote ile aliyekuwa na jibu alilijua, akalitundika kabatini pamoja na sweta.

"Nikuletee?" Kibibi aliuliza. "Nitaifunga ndani ya kanga, hakuna atakayejua."

"Usithubutu. Mimi nimeshikwa kwa risasi ambayo hawajaniona nayo. Wewe wakikukuta nayo mwilini, nani atakuamini kwamba umeitoa kwenye sweta la bwana?"

"Basi niseme?"

"Ukisema, kesho huna kazi na kesho kutwa una kesi." Rosina alifikiri huku msusi akimvuta kichwa. "Nguo zake za kwenda klabu, nani humtolea?"

Kibibi alicheka kidogo. "Nani tena? Mwenyewe hajui kabati lake lina milango mingapi. Hata soksi namkabidhi mkononi."

"Msimu ukifunguliwa, mtolee sweta lile lile. Usiseme neno. Mtolee sweta tu, kama siku zote."

Yaliyobaki yalimhitaji Jaafar. Jaafar alikuwa msimamizi wa mstari wa kupigia, mtu wa Likoni, na hapa yafaa kueleza desturi moja ya mchezo huu. Mahali pote pengine katika klabu mwanachama huitwa sir na neno lake hufuatwa. Mstarini neno ni la msimamizi. Akisema bunduki chini, huwekwa chini, awe ameshika tajiri au mtoto wa tajiri. Anayebisha huondolewa mbele ya wenzake, na hakuna anayetaka aibu hiyo. Ni kipande chembamba cha ardhi, upana wake mikeka michache, ambacho ndani yake mfanyakazi huamuru na mabwana hutii. Akitoka hapo hatua chache, hurudi kubeba mikeka.

Rosina alikaa kiti cha jirani yake ndani ya basi, akamwomba jambo moja: siku ya ufunguzi, kabla watu hawajalala, aamuru mifuko yote ipinduliwe.

"Dadangu, wanitafutia balaa," Jaafar alisema. "Nina watoto watatu Likoni, wala hawali mchanga."

"Kanuni inasema risasi za nje haziingii mstarini. Au nakosea?"

"Hukosei. Lakini hatujawahi kuwapekua wao."

"Sijasema uwapekue. Wajipekue wenyewe. Siku ile wewe ndiye uliyetangaza mstari salama, Jaafar. Ulitangaza, na risasi ikatoka imekaa mbavuni mwa mtu."

Jaafar aligeukia dirishani.

"Hivi ile sauti unayoitoa pale mstarini," Rosina aliuliza, "ni yako, au wamekuazima?"

"Waniuma sasa."

"Nikuume mara moja tu. Mimi wananiuma tangu Februari."

Waliposhuka Al Twar Jaafar alimpita bila kugeuka, naye Rosina hakujua kama amepata mtu au amempoteza.

Msimu ulifunguliwa asubuhi ya baridi, Novemba. Rosina alikuwa akipangusa meza za varandani, mahali ambapo mstari wote huonekana. Sir Abdullatif aliteremka garini amevaa sweta la kijani. Wanachama wakasimama nyuma ya mikeka yao, wakitaniana, na Jaafar akatembea hadi katikati. Rosina alisahau kitambaa mkononi.

Kisha ile sauti ikatoka. "Kabla ya kulala, mifuko yote ipinduliwe! Kilichomo kiwekwe mkekani!"

Wakacheka. Mmoja akauliza kama avue na viatu. Lakini ilikuwa amri ya mstari, na mikono ikaingia mifukoni: funguo, simu, tasbihi, tishu. Mkono wa Sir Abdullatif uliingia ndani ya sweta ukakawia kutoka. Ulipotoka, aliweka mkekani risasi moja. Msimu ule klabu ilikuwa imebadilisha risasi, za sasa zilikuwa na vichwa vya rangi ya shaba. Hii ilikuwa ya kijivu, ya msimu uliopita.

"Hii si ya leo, Sir," Jaafar alisema.

"Aa! Kumbe hii. Nilisahau kabisa." Sir Abdullatif alicheka, na wenzake wakacheka naye, kama mtu aliyekutwa na mwavuli wa jirani.

Hakuwa amesahau. Rosina alilijua hilo, na alijua pia kwamba hawezi kulisema bila kumtaja Kibibi. Basi akalimeza pamoja na mengine.

Rogers alimwita siku iliyofuata. Pasipoti ilikuwa mezani, juu ya faili.

"Unaona? Ilikuwa kutoelewana tu. Imekwisha, khalas."

"Na mwanangu," Rosina alisema, "nani ataniozeshea tena?"

Rogers alimsogezea pasipoti. "Pole," akasema akitazama mlango.

Hakuna aliyemwomba radhi kwa maandishi wala kwa mdomo. Sir Abdullatif hakuonywa. Jaafar hakufukuzwa, ila walimwondoa mstarini wakampeleka stoo ya mikeka, na mstari akapewa mwingine mwenye sauti ya chini. Rosina aliondoka Dubai na kitenge kile kile, akamkuta Fortunata ana mimba ya miezi minne na anaendesha nyumba yake mwenyewe. Alimvisha begani wakiwa wawili tu, jikoni.

Lakini amri ya Jaafar klabu iliifanya kanuni: tangu tarehe 11 Januari 2025, katika klabu ile, kila mwanachama hupindua mifuko yake kabla ya kulala mstarini na kabla ya kuuacha.