Upepo wa Juu na Kondoo wa Ardis

Kwa miaka thelathini na moja, Verlyn Skaar alikuwa mrusha maputo ya kupima hali ya hewa katika kituo kimoja kidogo cha Dakota Kaskazini, Marekani. Alistaafu, lakini kila asubuhi bado alisoma vipimo vya upepo wa juu kabisa, ule unaoizunguka ncha ya kaskazini. Upepo huo ukienda kasi, baridi kali hubaki imefungiwa huko huko. Ukilegea na kugeuka, baada ya wiki mbili tatu baridi inaweza kushuka mpaka malishoni.

Inaweza, si lazima. Mwaka jana upepo ulipogeuka aliwaonya watu, wakahangaika kujaza majani makavu mabandani, na baridi ikashukia kwingine. Tangu hapo akawa kichekesho cha kahawa ya Jumapili baada ya ibada, na aliyecheka kuliko wote alikuwa dada yake Ardis, mjane mwenye kondoo mia na arobaini.

"Jamani mpisheni nabii, asije akatugandisha!"

Verlyn aliendelea kunywa kahawa yake. Mtu mzima kuweka kinyongo cha namna hii ni aibu, lakini alikiweka, na alikitunza vizuri.

Januari hii upepo uligeuka tena, vibaya kuliko alivyowahi kuona. Nje theluji ilikuwa ikiyeyuka. Wakata manyoya walitarajiwa Alhamisi, nao hupita mara moja tu kwa mwaka, kabla kondoo hawajazaa. Ardis akapiga simu.

"Haya kaka, utani kando. Nikate au nisikate? Huko juu kukoje?"

"Leo unaniuliza mimi?"

"Sasa nimuulize nani, na wewe ndiye fundi?"

Vipimo vilikuwa mezani mbele yake.

"Huko juu shwari," alisema. "Kata."

Alitaka dada yake ahangaike siku mbili tatu na kondoo wasio na manyoya, ashike adabu, basi. Siku ya kumi na mbili baada ya kukata, baridi ilifika nyuzi thelathini na tisa chini ya sifuri, pamoja na dhoruba. Kondoo wenye mimba, bila manyoya, walirundikana kwenye kona ya banda kutafuta joto. Wa chini walikosa pumzi, wa juu wakaganda.

Verlyn alipofika, walikuwa wamebaki hai kumi na tisa. Ardis alikuwa akiburuta mizoga, kope zimeshika barafu. Alipomwona kaka yake analia, aliacha kazi akamshika bega.

"Nyamaza bwana. Usijilaumu. Hata wewe hukuona."

Verlyn akajifuta machozi, akainamia mzoga uliofuata.

"Shika miguu ya nyuma," alisema Ardis, na Verlyn akashika.