Kondoo wa Sufu Pale Misheni

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka safari ya shule, huko Mwanza anakosoma, akiwa na kijikondoo cha sufu kilichobandikwa kwa gundi kwenye karatasi. Walipelekwa shambani kwa mtu, wakamshika kondoo, wakapigwa picha, wakafundishwa kutengeneza mapambo. Akaniuliza, "Bibi, wewe umewahi kumshika kondoo?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mtoto wa Kisukuma ananiuliza hivyo mimi, niliyezaliwa Bariadi! Kaa nikusimulie, rafiki yangu, maana upuuzi huu haukuanza leo. Hata mimi niliwahi kutambulishwa kwa kondoo, miaka ya hamsini, nikiwa darasa la tatu.

Nililelewa na bibi yangu, mama yake baba. Katika nyumba yake ya msonge, wanakondoo wachanga walilala ndani pamoja nasi, upande wa pili wa mafiga, na alfajiri waliniamsha kwa kunilamba visigino. Bado nausikia moshi wa kuni uliochanganyika na harufu ya maziwa ya mgando, na mlio wa kibuyu bibi akikitikisa ili atoe siagi. Kabla ya shule alinipa michembe, vile vipande vyetu vya viazi vitamu vilivyokaushwa, nikavitia mfukoni nikitafuna njiani. Kondoo wetu walikuwa na manyoya mafupi kama ya mbuzi na mkia mpana wa mafuta. Nilijua kuwachunga kabla sijajua kuhesabu.

Basi siku moja mke wa mchungaji wa misheni, Mzungu mrefu tuliyemwita Mama Mchungaji, akaletewa kondoo kutoka nyanda za baridi za Kenya. Alishushwa kwenye lori kama mgeni wa heshima. Wasichana tulipangwa mstari juani, tukaamriwa tunawe mikono. Tunawe mikono ili tumguse kondoo! Mwalimu wetu wa kazi za mikono, mwanamke aliyetoka mbali na aliyetuona sisi kama vumbi la viatu vyake, akasimama mbele.

"Huyu ni kondoo," alitutangazia. "Msimwogope. Hang'ati."

Mwenzangu, binti wa jirani yetu, akaninong'oneza kwa Kisukuma, "Anadhani sisi tumezaliwa jana?" Mwalimu akampapasa mnyama kwa ncha za vidole viwili, kisha akavifuta vidole hivyo kwa leso. Mpaka leo, nikimwona mtu anajifanya mtaalamu, naikumbuka leso ile.

Lakini kondoo mwenyewe sikuweza kumcheka. Alikuwa jike, amevimba sufu hadi macho hayaonekani vizuri, anatembea kama aliyevalishwa godoro. Alitupita wote, akaja moja kwa moja kwangu na kuingiza mdomo mfukoni mwangu, kwenye michembe. Tangu siku hiyo kila nikifika shuleni alikuwa ananisubiri kwenye uzio, analia mpaka nimpe.

Kila Ijumaa mchana tulijifunza ufundi wa sufu. Kondoo alikuwa ameletwa na gunia la sufu yake ya zamani. Tuliifua, tukaichambua miiba, tukaichana, tukaisokota kwa kijiti mpaka vidole vikanuka mafuta ya kondoo hata wakati wa kula. Kisha tukafuma soksi. Nakuomba utafakari hilo. Hakuna msichana hata mmoja pale aliyekuwa na viatu. Na kuzunguka shule yote, upande huu na ule, ilikuwa pamba tupu. Tuliivuna sisi wenyewe hadi kucha zikapasuka, ikafungwa magunia, ikapelekwa kiwandani, ikatoweka. Hakuna aliyewaza kutufundisha kusokota hiyo. Tulifundishwa soksi za nchi ya theluji, na mwalimu akasema huo ndio ustaarabu.

Nilipompelekea bibi soksi yangu ya kwanza, aliishika kwa mbali, akachungulia ndani.

"Hii ni ya kuwekea nini?"

"Mguu, bibi."

"Mguu umekosa nini?"

Akaichukua akaifanya kizibo cha kibuyu cha maziwa, na hapo ikafaa.

Kiangazi kikaingia, jua la kupasua mawe. Sufu ya kondoo ilikuwa imefika wakati wa kunyolewa, lakini Mama Mchungaji alitaka anyolewe mbele ya wageni wakubwa waliotarajiwa kutoka Mwanza. Wageni wakaahirisha. Wakaahirisha tena. Kondoo akawa anahema mdomo wazi, ulimi nje, na siku moja nilipompa michembe akaipa kisogo. Mimi na mwenzangu tukaenda kwa mwalimu.

"Mwalimu, kondoo anakufa kwa joto," nilisema. "Anyolewe."

"Nani amekuuliza?"

"Hali chakula, mwalimu."

"Mama Mchungaji amesoma. Wewe umesoma nini? Rudi darasani."

Kwa Mama Mchungaji tusingeweza kwenda. Hatukujua Kiingereza, na kila neno letu lilimfikia kupitia kinywa cha mwalimu yuleyule.

Mchana walimu walipokwenda kula, tulichukua mikasi ya darasani. Mwenzangu akakaa chini, akakipakata kichwa cha kondoo, mimi nikakata. Sufu ilitoka mabongemabonge, chini yake kupe wamejaa kama mtama. Mnyama hakutikisika. Mikono iliniuma, nikaendelea. Nilipomaliza alikuwa ameparuzwa vibaya, huku upara, huku vichaka, kama shamba lililopaliliwa na mlevi. Akasimama, akajitikisa, akaenda kwenye ndoo akanywa maji yote. Sijawahi kuona kiumbe aliyefurahi namna ile.

Tulichapwa viboko vya mikononi mbele ya shule nzima. Mama Mchungaji alitoka, akamtazama kondoo wake anakula majani, akatutazama sisi, akasema kitu kwa lugha yake. Mwalimu hakukitafsiri.

Na kumbe wiki ileile wageni wakafika! Walipomwona kondoo na upara wake, wakauliza kulikoni. Mwalimu hakupepesa macho. Akasema wasichana wake wameshafundishwa hata kunyoa wenyewe. Tukaitwa mbele, viganja bado vimevimba, tukapewa bonge la sufu tulishike ili tupigwe picha.

"Tabasamuni," alitwambia kwa meno.

Sikutabasamu. Wageni wakapiga makofi, na Mama Mchungaji, aliyejua ukweli wote, akapiga makofi pamoja nao. Viboko vile nilishavisahau. Makofi yale nayadharau hadi leo.

Kabla ya uhuru mchungaji na mkewe wakarudi kwao. Shule nzima ilipangwa barabarani kuwaimbia, mwalimu analia kwa sauti kama mfiwa. Yeye ndiye aliyeachiwa kondoo, na jioni hiyo hiyo machozi yalikuwa yamekauka. Akatangaza kwamba Jumapili atamchinja.

Nilikimbia nyumbani nikamweleza bibi huku nalia. Bibi huyu ndiye aliyemwita yule mnyama godoro lenye miguu. Alijifunga kaniki yake vizuri, akaenda zizini, akatoka na dume lake la kondoo, nono kuliko yote, na tukashika njia ya misheni.

"Mwadila, mayu," bibi alimsalimu kwa heshima. Mwalimu akajifanya haelewi Kisukuma, ingawa alikuwa ameishi kwetu miaka. Bibi akaendelea kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Wewe taka nyama, au taka huyu?"

"Nyama ni nyama tu," mwalimu akajibu, macho tayari yapo kwenye mkia wa dume letu.

"Basi shika hii yenye mafuta."

Njia nzima kondoo alinifuata bila kamba. Bibi alitangulia, hakugeuka. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Usifikiri nampenda. Nimechukia tu kumwachia yule."

Kondoo alizaa kwetu. Watoto wake walitoka na mikia ya mafuta na shingo za sufu, majirani wakatucheka hadi wakachoka. Kila kiangazi mimi na mwenzangu tulimnyoa, tukikaa kivulini na kupiga soga, mpaka kila mmoja akaolewa upande wake. Malisho yale siku hizi yamelimwa pamba hadi ukingo wa barabara, na sijaona kondoo mwenye shingo ya sufu kwa miaka mingi. Nyumba ya msonge ilianguka. Mwenzangu tulimzika.

Kondoo alikufa kwa uzee, amelala kwenye mlango wa bibi. Baba zangu wadogo walikuja na visu, bibi akawafukuza. Aliwaambia nyama ya mzee kama huyo ni ngumu, itawavunja meno, akaamuru achimbiwe shimo. Hapo wote tulijua anadanganya. Leo anayejua nimebaki mimi tu.