Nilimusafishia Mama Furaha jina ya krediti anunue nyumba, akanipandisha presha

Wakuu, salamu kutoka Masisi. Ninaandika vile mambo ilipita, chumvi siongeze.

Wakati ule nilikuwa agent wa krediti mu koperative moja ya akiba na mikopo. Vita ilikuwa inaenda na kurudi. Leo barabara iko wazi, kesho imefungwa.

Kwa wenye hawajue: huku hatuna credit score ya mu computer. Alama zako ni akiba unaweka, namna unarudisha deni, na watu umedhamini. Mutu wako akikimbia, jina yako njo inachafuka.

Sasa Mama Furaha. Mujane wa Karuba, muuza maziwa na fromaji, ile jibini ya huku. Vita ilimutoa kwake, akawa anapanga kachumba pembeni ya soko.

Papa Kambale, mwenye duka kutoka Butembo, alikuwa anahamia Walikale. Nyumba yake ya mbao aliamua kumuuzia mama, lakini alitaka feza yote mbele ya kuhama. Mama akaja kuomba mukopo.

Jina yake? Chafu kabisa. Alidhamini shemeji yake anunue moto, pikipiki ya kubeba watu, shemeji akapotelea nayo huko machimboni.

Nikasema nitamusaidia. Tukapanga: deni ya shemeji ailipe kidogo kidogo, feza ya maziwa ipite mu compte yake kwetu, akaunti ya akiba, kila juma.

"Na usidhamini mutu tena, mama. Hata ndugu yako."

"Sawa, papa."

Alifuata vizuri, mpaka hata jera, mwenye anatusimamia, akaanza kumusifu. Deni ya shemeji ikaisha.

Karibu na siku ya komite kuamua mukopo wake, akaingia mama mumoja wa Bihambwe mwenye aliomba krediti ya mbegu ya maharagi. Mwenzangu alikuwa tayari amemupatia. Alipita kutushukuru.

"Mudhamini wangu iko Mama Furaha," akaniambia na furaha yote.

Wakuu, nilitoka nje kupunga hewa.

Nikamufuata mama sokoni. "Tuliongea nini mimi na wewe?"

"Ulisema ndugu yangu. Huyu si ndugu."

Mungefanya nini na mutu kama huyu?

Komite ikasema dosiye ya Mama Furaha ingojee mpaka deni ya mbegu iishe. Kisha masasi ya bunduki ikalia upande wa Bihambwe, watu wakaacha mashamba. Nikajua kwisha. Papa Kambale alinipigia akiwa amekasirika: muteja mwingine iko na feza mu mukono. Nilimubembeleza kama vile nyumba ilikuwa yangu, akakubali kungojea kidogo.

Kulipotulia, yule mama wa Bihambwe alirudi shambani, akavuna yenye ilibakia, akalipa yote. Mwenyewe, bila kufuatwa. Sikuamini.

Komite ikakubali. Mama Furaha akapewa ufunguo, akalia, na mimi kidogo.

Kisha nikaenda kutembelea nyumba, kazi inadai hivyo. Nakuta imejaa! Wakimbizi wa Kashuga mu kila chumba, mifiniko ya kulalia mupaka mu barza. Mama analala mu jikoni.

"Hawa wanakulipa?"

"Watalipa na nini, papa?"

"Na wewe utalipa koperative na nini?"

"Na maziwa, kama siku zote." Akanitazama. "Deni iko yangu, si ndiyo? Basi na nyumba iko yangu."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mingi. Nikaandika tu mu ripoti: nyumba nimeiona.

Na mujue, anarudisha kila mwisho wa mwezi, hajachelewa. Hiyo njo inaniudhi zaidi: sina hata sababu ya kumugombeza.

Somo nimepata: unaweza kusaidia mutu apate krediti, lakini haununue haki ya kumupangia namna ya kuishi mu nyumba yake. Na alama zetu zinapima kulipa tu, roho ya mutu hazifikie.

Wenye mulifanya kazi ya mikopo, semeni ukweli: mungemusainia huyu mama? Niko hapa nasoma, hata matusi nitapokea.